Kadi ya grafiki si cheni ya dhahabu: mastaa wa gemu waache kuwaingiza madogo mkenge

Video yenyewe haifiki dakika mbili. Staa mmoja wa mitandaoni, mwenye tiki ya bluu na wafuasi kibao, amekaa kwenye kiti chekundu kama cha dereva wa magari ya mashindano. Nyuma yake taa zinabadilika rangi: zambarau, bluu, pinki. Anafungua boksi polepole, muziki unapanda, anatoa kadi ya grafiki kubwa kama tofali. Ni RTX 4090. Anaibusu. Halafu anaikazia macho kamera na kutoa kauli iliyozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp wiki nzima: kama huna hii, wewe sio mcheza gemu, wewe ni mtazamaji tu.

Chawa wakadaka hapo hapo. "Bosi huna mpinzani." "Wenye 1650 mpite kushoto." "Maskini hawataelewa." Chini kabisa ya posti kuna jina la duka moja la Kariakoo na namba ya simu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lile ni tangazo.

Mtu kuringia mali yake si habari mpya hapa mjini. Watu wameshazoea mastaa wa magari ya kukodi na majumba ya kupigia picha. Lakini gari la kukodi halimtii shabiki hasara. Anaangalia, anakomenti, anaendelea na maisha yake. Kadi ya grafiki ni kitu kingine, kwa sababu shabiki anaweza kujikamua akainunua, au akanunua ya chini yake kidogo, akiamini kwamba namba kubwa kwenye boksi ndiyo ujanja. Hapo ndipo madogo wanapopigwa, na aliyewapeleka kupigwa yuko kwenye kiti chake chekundu anahesabu laiki.

KADI ILIYOKATAA KUINGIA

Kuna dogo mmoja wa chuo hapa Dar, mwaka wa pili. Alikuwa anatengeneza mabango ya matamasha na kadi za mwaliko kwa kompyuta ya mtumba, ile midogo ya ofisini inayoshushwa kwa makontena, Dell OptiPlex yenye kasha jembamba. Kwa kazi zake ilimtosha kabisa. Jioni alikuwa anacheza gemu la mpira kwa kubahatisha, picha zikigandaganda, lakini siku zilikuwa zinaenda.

Baada ya ile video akaanza kujichanga. Laki tano za mabango, sehemu ya boom, na laki nne za mkopo wa simu, ile mikopo ambayo mtaani inaitwa kausha damu. 4090 hakuiweza, kwa hiyo akaenda kwenye duka lile lile la kwenye posti akachukua RTX 3070 ya mtumba kwa milioni moja na laki moja. Muuzaji akamsindikiza kwa maneno matamu: "Kaka, hii ni chuma. Hapa umemaliza kila kitu."

Kufika geto, kadi haikuenea. Kasha jembamba linapokea kadi za nusu urefu tu, na ile ilikuwa ya urefu kamili, nene ya kuchukua nafasi mbili. Akafungua mfuniko, akaichomeka hivyo hivyo ikiwa imechomoza nje. Haikuwaka. RTX 3070 inakula wati 220 na inataka waya wake maalumu kutoka kwenye pawa saplai, wakati pawa saplai ya kompyuta ile nzima ilikuwa ya wati 180 na waya huo haina. Akanunua pawa saplai nyingine. Nayo ikagoma kuunganishwa, maana vikasha vile vya Dell vina plagi zake vyenyewe, siyo zile za kawaida za dukani.

Aliporudi Kariakoo akaonyeshwa maandishi ya chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. "Kadi ni nzima kaka, tatizo ni mashine yako." Na ukweli unaouma ni kwamba hapo muuzaji hakudanganya. Dogo hakusema ana mashine gani, na muuzaji hakuwa na haraka ya kuuliza.

Miezi miwili baadaye kadi iliuzwa kwa laki sita na nusu. Mkopo ulikuwa umeshavimba, meseji za vitisho zinaingia mpaka kwenye simu ya mama yake. Kompyuta ya mabango nayo ikauzwa ili deni liishe. Yaani kijana alikwenda kununua raha ya jioni, akarudi amepoteza kazi ya mchana. Staa hajui hata kwamba mtu huyo yupo duniani.

SKRINI INAULIZWA KWANZA

Kuna kitu ambacho mastaa hawa hawakisemi, ama kwa kutokujua ama kwa makusudi: kadi ya grafiki inachora kwa ajili ya skrini. Skrini ya Full HD, yaani 1920 kwa 1080, ina pikseli milioni 2 na ushee. Ya 4K ina milioni 8 na ushee, mara nne kamili. Ile ya dogo wa chuo, 1366 kwa 768, ina milioni 1 tu, nusu ya Full HD. Pikseli zote hizo zinachorwa upya katika kila fremu, mara 60 kwa sekunde, mara 100, mara 144. RTX 4090 ilitoka Oktoba 2022 kwa bei ya dola 1,599 huko Marekani ikiwa imelengwa kwa mtu mwenye skrini ya 4K. Kuifunga kwenye kioo cha ofisini ni kununua spika za tamasha kwa ajili ya kusikiliza taarifa ya habari chumbani.

Na wala Bongo haiko nyuma peke yake katika hili. Kwenye takwimu za kila mwezi za Steam, duka kubwa la magemu ya kompyuta, Full HD ndiyo skrini inayoongoza kwa miaka mingi, na hapo wamo Wamarekani na Wazungu wenye hela zao. Kadi ambazo kwa miaka zimekuwa zikipokezana nafasi za juu kwenye orodha hiyo ni zile za daraja la kati, ukoo wa 1060, 1650, 3060 na 4060. Ina maana wacheza gemu wengi wa dunia, kwa kipimo cha yule staa, ni watazamaji tu.

Halafu kuna suala la Hz. Skrini nyingi zilizoko kwenye mageto ni za 60Hz, yaani zinabadilisha picha mara 60 kwa sekunde na basi. Kadi ikitengeneza fremu 200, skrini ile haiwezi kuzionyesha zote. Mtu analipia fremu 140 ambazo jicho lake halitaziona mpaka anunue skrini nyingine. Kwa hiyo anayejichanga milioni moja na nusu akiwa na skrini ya 60Hz, mara nyingi angefaidi zaidi kama angegawa: laki kadhaa ziende kwenye skrini ya 144Hz ya mtumba, zinazobaki ziende kwenye kadi ya kati.

Baada ya skrini yanakuja magemu yenyewe. Vijana wengi wa hapa wanacheza nini? Mpira, GTA V, Valorant, Call of Duty. Kwa GTA V, iliyoingia kwenye kompyuta mwaka 2015, watengenezaji walipendekeza GTX 660, kadi ya mwaka 2012. EA Sports FC 24 waliandika GTX 1050 Ti kama kiwango cha chini na GTX 1660 kama kiwango kinachopendekezwa. Valorant ndiyo kabisa, inatembea hata kwenye mashine zisizo na kadi ya maana. Hakuna hata moja kati ya hizi linalodai tofali la kubusu.

Utasikia wengine wanasema wanajiandaa na GTA VI. Rockstar walipotoa video ya kwanza ya gemu hilo Desemba 2023, walilitangaza kwa PlayStation 5 na Xbox Series X na S. Kompyuta haikutajwa. Hilo halikuwazuia watu wa maduka kuandika "GTA VI tayari" kwenye picha za kadi wanazouza, na mastaa kuzisambaza bila hata kusoma. Mtu anakopa kwa ajili ya gemu ambalo halijaahidiwa kwa mashine yake.

WATI NAZO ZINA BEI

Sehemu inayosahaulika zaidi ni umeme. 4090 imepangiwa kula hadi wati 450. RTX 4060, iliyotoka Juni 2023 kwa dola 299, inakula 115. Mtu akicheza saa nne kila siku kwa mwezi mzima, kadi zote zikiwa zimekazwa mpaka mwisho, ya kwanza itamaliza uniti 54 za LUKU na ya pili haifiki 14. Tofauti ni uniti 40 kila mwezi, kwa kadi peke yake, bila skrini wala kitu kingine. Kwa anayeishi chumba cha kupanga chenye mita moja ya watu sita, hiyo ni kesi ya kuitiwa mwenye nyumba.

Wati hizo zote zinaishia kuwa joto. Wati 450 ndani ya chumba kisicho na kiyoyozi, Dar es Salaam, mwezi wa pili, ni karibu nusu ya pasi ya umeme inayowaka mfululizo pembeni ya goti. Yule staa ana kiyoyozi, kinaonekana kwenye video yake mwenyewe.

Pawa saplai nayo si mahali pa kubana hela. Zile za bei chee zinaandikwa "750W" kwa nje huku ndani zikiwa nyepesi kama karatasi, na umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, zinaondoka na kadi pamoja na bodi. Mwenye bajeti ya kadi anatakiwa ahesabu pawa saplai ya uhakika ndani ya bajeti hiyo hiyo, siyo kuiacha kuwa ya chenji iliyobaki.

Kwa mwenye kasha jembamba la ofisini habari ni nyepesi zaidi. Tundu la kadi kwenye bodi linatoa hadi wati 75. Basi anatafuta kadi inayoishi humo humo na yenye umbo la nusu urefu: GTX 1650 fupi, au RTX 3050 ya GB 6 fupi, ambayo imepangiwa wati 70. Dogo wa chuo angeambiwa hivyo na mtu mmoja tu, angebaki na mabango yake, na mpira wake wa jioni ungekuwa laini.

MAJINA YANAYOFANANA KAMA MAPACHA

Lakini lawama zote zikimwangukia staa, kampuni zitakuwa zimepona kirahisi. Zenyewe ndizo zilizofundisha watu kusoma namba na kuacha vilivyomo. GT 1030 ilitoka 2017 ikiwa na memori ya GDDR5. Mwaka uliofuata ikaja nyingine yenye jina hilo hilo ila memori ya DDR4, na kasi ya memori yake ni kama theluthi moja ya ile ya kwanza. Boksi linasema GT 1030, mteja anasema GT 1030, muuzaji anasema GT 1030. Wote watatu wako sahihi na mteja ameliwa.

RTX 3050 ni vivyo hivyo. Ya GB 8 ya mwaka 2022 na ya GB 6 ya mwaka 2024 hazitofautiani memori tu. Hiyo ya pili imepunguzwa mpaka idadi ya viini vyake. Inafaa sana kwa kasha dogo, lakini anayeilipia bei ya kaka yake ameibiwa kistaarabu. RTX 5060 Ti ya 2025 nayo ipo ya GB 8 na ya GB 16, jina moja, na zilipotoka zilipishana dola 50. Hiyo dola 50 ina maana kubwa. Mwaka 2023 magemu kama Hogwarts Legacy na The Last of Us Part I yalipotoka kwenye kompyuta, kadi za GB 8 zilianza kukwama pale mipangilio ya picha ilipopandishwa juu, hata zile zilizokuwa na nguvu nyingine zote.

Halafu kuna fremu za kubuni. Januari 2025, kule Las Vegas, bosi wa NVIDIA, Jensen Huang, alisimama jukwaani na kuitangaza RTX 5070 ya dola 549 kuwa inatoa uwezo wa 4090. Wapimaji huru walipoishika bila zile fremu zinazotungwa na akili bandia katikati ya fremu halisi, ikaachwa mbali. Fremu za kutungwa zinalainisha picha, hilo halina ubishi, lakini hazifanyi kidole kijibiwe haraka zaidi. Kwenye gemu la kupigana risasi, mtu anaona picha laini ya yeye akifa. Mastaa wa hapa walinakili ile kauli ya jukwaani neno kwa neno, hata jina la aliyeisema hawakuweka.

KARIAKOO BILA MACHO

Soko la mtumba ndilo mkombozi wa mwenye hela kidogo, na ndilo shimo pia. Kadi nyingi ziliingia sokoni baada ya tarehe 15 Septemba 2022, siku ambayo mtandao wa Ethereum uliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki. Mashamba ya uchimbaji duniani yakauza vyuma vyao. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, ila feni zake zimezunguka usiku na mchana, na bei yake inatakiwa kuonyesha hivyo. Kuiuza kwa maneno "ilikuwa ya mzungu, alikuwa anaitumia wikiendi" ni utapeli wa mchana kweupe.

Baya zaidi ni feki. Kuna kadi za miaka ya 2010 na 2011, za ukoo wa GTS 450 na GTX 550 Ti, zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows inaamini. Mteja anaamini. Gemu ndilo halidanganyiki. Dalili moja ya haraka ni tundu la VGA: 1050 Ti halisi, karibu zote, hazina tundu hilo la bluu. Dalili ya pili ni programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo ikiikuta kadi ya namna hiyo huandika neno FAKE mbele ya jina lake. Ni dakika tano za kazi. Staa anayelitangaza duka kwa watu laki kadhaa hajawahi kutumia dakika tano hizo kumwonyesha shabiki yake jinsi ya kujikinga, kwa sababu duka halikumlipa kwa hilo.

DADA WA TABATA ALIYECHEKWA

Kuna dada mmoja wa Tabata, anahariri video za harusi na kitchen party, na usiku akishalaza mtoto anacheza magemu yake. Alipoposti kwamba amenunua RTX 3060 ya mtumba, ya GB 12, wanaume walijaa kumpa pole. "Kadi ya 2021 dada? Bora ungeuliza." "Hiyo mwisho wake Candy Crush."

Alichofanya dada huyu kingefaa kuwa video ya kufundishia. Alianza na skrini: Full HD. Akaangalia kasha: refu, lina nafasi. Akaangalia pawa saplai: wati 550, ya kampuni inayoeleweka, na kadi inataka 170. Akaangalia kazi: kuhariri video kunapenda memori nyingi ya kadi. Mwisho kabisa ndiyo akaangalia bei, kwa hesabu ambayo mama ntilie yeyote anaijua: ya kugawa. Chukulia kadi moja ni laki saba na inatoa fremu 70 kwenye gemu analocheza, na nyingine ni milioni moja na laki sita na inatoa fremu 110. Ya kwanza kila fremu ni shilingi 10,000, ya pili ni zaidi ya 14,500. Ya pili ina nguvu zaidi, ndiyo, lakini kila hatua ya nguvu hiyo inauzwa ghali. Kwenye skrini ya 75Hz, hatua hizo za juu hazina pa kukanyaga.

Dukani alimfanya muuzaji aichomeke kadi kwenye mashine, afungue GPU-Z mbele yake, kisha aikimbize na FurMark robo saa huku yeye akisikiliza feni na kutazama joto. "Dada unanichelewesha, wateja wanasubiri." Akamjibu, "Wahudumie kaka yangu, mimi nipo." Akaondoka na risiti ya EFD na udhamini wa wiki mbili ulioandikwa kwa kalamu. Video ya harusi iliyokuwa ikitoka usiku kucha sasa inatoka kabla hajamaliza kula. Kadi imeshajilipa yenyewe kwa harusi za msimu mmoja.

Hapa isieleweke kwamba 3060 ndiyo jibu la kila mtu. Kwa anayecheza tu na hahariri kitu, RX 6600 ya AMD inakula wati 132 na kwa Full HD inamtosha vizuri, mara nyingi kwa hela ndogo zaidi. Intel nao walileta Arc B580 Desemba 2024, GB 12 kwa dola 249, kadi nzuri sana kwenye mashine mpya, ila kwenye kompyuta ya zamani inachechemea. RX 6500 XT inavutia kwa bei, lakini kwenye bodi za zamani inabanwa kwa sababu imepewa njia nne tu za kupitishia data. Jibu linabadilika kwa kila geto. Kisichobadilika ni mpangilio wa maswali: skrini, kasha na pawa saplai, magemu na kazi, kisha bei kwa fremu. Namba kwenye boksi inakuja mwisho.

"NI HELA YAKE, INAWAUMA NINI?"

Hii ndiyo ngao ya chawa kila hoja ikifika. Kweli, hela ni yake, kama kweli aliitoa. Na 4090 ina watu wake: anayetengeneza katuni za 3D, anayecheza 4K, anayefundisha mashine za akili bandia. Mtu akisema "nimenunua kwa sababu naipenda na ninaiweza", hana kesi na yeyote. Kesi inaanza akigeuza mali yake kuwa kipimo cha utu wa wengine, huku chini ya posti akiwa ameweka namba ya duka.

Chawa wengine wanasema staa anawapa madogo hamasa ya kutafuta. Hamasa gani inayompeleka mwanafunzi kwenye kausha damu? Hamasa ya kweli ingekuwa kuwaonyesha kwamba kwa laki saba zilizopangwa vizuri mtu anacheza magemu yote ya mtaani kwake, na anabaki na nauli. Lakini video hiyo haina kiki. Haina kubusu boksi. Haiwezi kumfanya staa aonekane mkubwa, kwa sababu inamfanya shabiki ajione anaweza.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Gema huyu wa mjini amesifiwa mpaka analitia maji mbele ya kamera, na wanywaji wanashangilia.

Kinachotakiwa kwake si kikubwa. Akionyesha kadi, aseme skrini aliyonayo, pawa saplai aliyonayo, na jumla ya gharama ya mashine nzima. Akilipwa na duka, aandike neno moja tu, tangazo, mahali linaposomeka. Akilituma kundi lake Kariakoo, alitume na maswali manne mkononi. Na kabla ya kumwita mtu mtazamaji, akumbuke kwamba hao watazamaji ndio wanaomlipia kile kiti chekundu.

Dogo wa chuo sasa anatengeneza mabango kwa kuazima laptopu ya rafiki yake, usiku, mwenyewe akishalala. Ameanza kujichanga upya. Safari hii ameshapima kasha kwa rula.

Na wewe mwenye skrini ya 60Hz unayemshangilia bosi: kwenye komenti usiandike una kadi gani. Andika una skrini gani, halafu watu waongee.